Viraka vya Ubebani

"Mwambie huyo asiyekuwepo," alisema Bi Shinuna, mdomo kaubinua kuelekea ukutani, "mwambie mkate wangu uko jikoni tangu asubuhi na unga bado ni unga, kwa sababu kuna mtu, ambaye hayupo, kauvuta moto wote kwa maharage yake."

Arafa alikuwa amesimama ujiani, mkoba bado begani, mguu mmoja ndani mmoja nje. Kabla hajafungua mdomo, ukuta ulijibu kwa sauti ya mzee aliyekwisha kukasirika zamani na sasa anaendeleza tu.

"Mgeni, kumradhi. Mwambie mama huyo, ambaye simsikii, kwamba jiko langu ni langu peke yangu na moto wangu ni wangu peke yangu. Mkate usioiva aulizwe mkandaji."

"Dada, anasema kwamba..."

"Usiniambie. Sijasikia kitu." Bi Shinuna alikunja mikono kifuani. "Ila mwambie mkono huu wa kukanda ndio uliomlisha mume wangu mpaka akafa amenona."

"Pole kwa msiba," ukuta ukasema.

"Asante," alijibu Bi Shinuna, kisha akajishika mdomo na kutazama huku na huku kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe na viatu.

Ndivyo Arafa alivyopokelewa Ubebani. Kwao ni Kikwajuni, kazi yake kupika shughuli za watu, na furaha yake ni nyumba iliyojaa mpaka watu wanakalia masufuria. Bi Shinuna ni mtoto wa mama yake mkubwa, aliolewa Ubebani zamani, na sasa alikuwa akimwoza bintiye Zuena. Arafa aliitwa kuja kupika. Ugomvi wa moto na mkate haukumshangaza. Kwao ugomvi kama huo huanza asubuhi na jioni mmojawapo anatuma kuomba chumvi. Kilichomshangaza ni hilo la mtu kugombana na asiyekuwepo.

Ikabidi aelezwe. Ubebani ni nchi ya majumba makubwa. Kila jumba limebeba familia chungu nzima, juu ya boriti zilezile, chini ya paa lilelile, na moto ni mmoja tu, unawaka chini kabisa na joto lake linapanda kwa mabomba ya udongo hadi kwenye kila jiko. Lakini sheria ya kwanza ya nchi inasema kila familia inaishi peke yake. Si kwamba ijifanye. Iamini. Watu wawili wakikutana ujiani, kila mmoja huugeukia ukuta na kuukagua kama fundi chokaa, mpaka mwenzake apite. Harufu ya kitunguu ikivuka, huitwa upepo. Mtoto akilia chumba cha pili, huitwa paka. Na ugomvi, kwa kuwa binadamu hawezi kuishi bila ugomvi, huruhusiwa kupitia kwa mgeni tu, kwa maana mgeni haishi popote.

"Na harusi?" aliuliza Arafa. "Majirani wanaalikwaje?"

"Majirani gani?" alisema Bi Shinuna, na safari hii hakuwa anatania.

Harusi ya heshima Ubebani, inayoitwa harusi ya upweke, ni ya maharusi, wazazi na mpishi. Mpishi hupika sufuria la kulisha mtaa. Sufuria huzungushwa chumbani mara moja, kwa taratibu, kisha huachwa lipoe, ili ijulikane kwamba familia haimtegemei mlaji. Familia iliyowahi kukiri kwamba inamsikia jirani haipewi harusi hiyo. Bi Shinuna alikuwa ameilinda miaka yote. Zuena alikuwa kitinda mimba, na ndiyo harusi ya mwisho ambayo mama huyo angeiona ndani ya nyumba yake.

Arafa alikaa chini. Alikuwa amepika katika misiba iliyochangamka kuliko hivyo.

Siku ya pili yake, alipokuwa akichambua mchele, mbiu ikalia kutoka juu ya mnara wa Ofisi ya Viraka. Mpiga mbiu alikuwa na sauti safi, isiyo na mashaka.

"Raia wa Ubebani. Tundu limegunduliwa katika boriti kuu za Jumba la Tausi na Jumba la Kasuku, yaliyojengwa na fundi mmoja. Liko upande wa kaskazini, kimo cha kifua, nyuma ya pipa la maji. Linapitisha mtu mzima akijipinda kidogo kushoto. Kiraka kimetolewa. Asanteni."

Kutoka kilima cha ng'ambo, kinachoitwa Kilima cha Masikio, makofi yakasikika, ya watu wachache wenye adabu.

"Hao ni nani?" aliuliza Arafa.

"Wezi," alisema Bi Shinuna, akikunja kanga za bintiye na kuzipanga sandukuni. "Wanaishi pale. Wana viti vyao."

"Na wao wamesikia tundu liko wapi?"

"Mbiu ni ya wote, mdogo wangu. Ukiifanya ya siri, wenye nyumba watajuaje pa kuziba?"

"Na hili tunalokaa ni jumba gani?"

"Tausi. Lakini usihofu." Bi Shinuna alimwonyesha mlango mkuu wa jumba kwa kidole. Juu yake kulipepea kitambaa cha kijani kibichi, kimepigwa pasi. "Kijani. Tumeshawekewa kiraka."

Arafa si fundi wala hakusomea majumba, ila amekulia mahali ambapo mtu akikwambia nyama imeshaiva unafunua mwenyewe. Akaenda nyuma ya pipa la maji. Tundu lilikuwepo. Akajipinda kidogo kushoto, akapita, na yeye si mwembamba. Ndani akajikuta uvunguni mwa jumba zima, vyumba vyote viko juu ya kichwa chake, sakafu zao wazi kama vikapu visivyo na vifuniko. Hapo akaelewa jambo ambalo wenyeji walikuwa hawalitaji: mwizi aingiaye kwa mlango wa chumba anaiba chumba, lakini aingiaye kwenye boriti anaiba jumba. Sanduku la Zuena lilikuwa hapo juu, angelifikia kwa mkono.

Akaenda moja kwa moja kwa Mkaguzi wa Viraka, Bwana Ngwali, mtu nadhifu mwenye kofia iliyonyooka na ofisi yenye feni.

"Kile kitambaa cha kijani maana yake nini, bwana?"

"Kwamba kiraka kimefika."

"Kimefika wapi?"

"Mlangoni."

"Na tundu?"

"Tundu liko kwenye boriti, mama. Boriti si idara yangu."

Akampeleka akavione, kwa kuwa hakuwa na la kuficha. Nyuma ya mlango mkuu wa Tausi kulikuwa na rundo la viraka vimeviringishwa kama mikeka mipya ya msikiti, kimoja juu ya kingine, vya chini vimeshaota ukungu. Kila kimoja kilipofika, kitambaa kilifuliwa na kupigwa pasi upya. Hakuna kilichowahi kubandikwa.

"Kwa nini?"

Bwana Ngwali alishusha sauti, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Kiraka hakikamati kwenye boriti yenye joto. Ukikibandika moto ukiwa unawaka, kinakaa juujuu kama mgeni asiyevua viatu. Lazima moto wa jumba uzimwe, boriti zipoe, kibandikwe, kisha moto uwashwe upya. Na vina zamu. Hiki cha leo hakikai ila juu ya kile cha kabla yake, na kile juu ya mwenziwe."

"Basi zimeni moto."

Bwana Ngwali alimtazama Arafa kwa huruma.

Moto wa Tausi, akaambiwa, haujazimwa tangu jumba lijengwe. Ubebani hawahesabu ukubwa wa jumba wala uzuri wake. Wanahesabu muda ambao moto wake haujazimika. Watoto hufundishwa nyimbo zake. Mtunza moto wa Tausi huketi mbele kwenye kila mkutano, na wa jumba lililowahi kuzimika, hata kwa bahati mbaya, hata kwa mvua, hukaa karibu na choo. Boriti zilikuwa zimeoza, tundu linapitisha mpishi mzima, lakini moto ulikuwa haujazimika, na hilo ndilo lililosifiwa.

Jumba la Kasuku liliibiwa mchana wa siku ileile, watu wamelala usingizi wa baada ya chakula. Wezi walichukua magodoro, masufuria, na mikufu iliyokuwa shingoni mwa wenyewe. Walichukua hata kitambaa cha kijani. Alasiri Bwana Ngwali akatundika kingine, na kwa hesabu za Ofisi, Kasuku likawa salama tena.

Kesho yake asubuhi baraza likakaa uwanjani, mahali ambapo watu ni raia, si majirani. Arafa alipenda sana baraza, alikuwa akisafiri nchi nzima kwa ajili ya vitu kama hivyo, akajibanza mbele kabisa. Mtunza moto wa Tausi alisema heri kuibiwa na moto unaowaka kuliko kuwa salama gizani. Mzee mmoja alikubali moto uzimwe, ila si sasa, watu wana shughuli. Uzimwe baada ya sikukuu, na alipoulizwa sikukuu ipi akasema zote. Mwingine akashauri kiraka kijaribiwe kwanza kwenye jumba ambalo hakuna anayelipenda. Jumba hilo likatafutwa kwa majina na kelele, mpaka watu wakaanza kuvuana kofia.

"Naomba niulize," alisema Arafa. "Wakishachukua masufuria, huo moto utapikia nini?"

Mtunza moto ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Nadhani hata yeye alipenda kula. Baraza likapitisha: Tausi lizimwe, siku ileile, kabla wezi hawajamaliza kugawana ya Kasuku.

Sasa, jumba haliwezi kuzimwa lina watu. Na hapo Ubebani wana ujuzi unaostahili kusifiwa. Vyumba vyao huchomoka jumbani kama mtoto wa meza, na wapagazi wao hukibeba chumba kizima, na jiko lake na watu wake, kwa wororo wa sinia la vikombe. Anayekunywa uji huanza kikombe katika jumba moja na kukimalizia katika jingine, na hajui kama amesogea. Kwa ajili hiyo mababu waliacha sheria kwamba jumba moja, Jumba la Akiba, likae tupu daima, lipokee watu wa jumba linalozibwa.

Walipofika Akiba wakakuta nguo zimeanikwa madirishani.

"Sisi ni Kamati ya Kulinda Utupu," alisema mwenyekiti, Bi Raya, mwanamke wa makamo aliyevaa ufunguo shingoni. Nyuma yake ilionekana kamati, na wake na waume wa kamati, na birika zao za chai. "Jumba tupu linavutia wavamizi. Ndipo tulipoteuliwa kukaa ndani yake kuhakikisha halikaliwi."

"Lakini mnakaa," alisema Bwana Ngwali.

"Hatukai. Tunalinda."

Wakabishana juu ya kukaa na kulinda mpaka jua likaanza kuwachoma. Bwana Ngwali akasema ataandaa mapendekezo. Hapo Arafa akamsogelea Bi Raya, akamshika mkono kama wanavyoshikana mashoga sokoni, akamvuta pembeni.

"Mwenyekiti, mimi mgeni, sitaki kuingilia. Ila naona vibaya wakufanyie hivi mtu wa hadhi yako. Kuna baraza limekaa uwanjani tangu asubuhi."

"Baraza gani?"

"Kubwa. Wametajwa wote wanaohusika na majumba. Kamati yenu sikuisikia ikitajwa hata mara moja."

Haukuwa uongo. Bi Raya alibadilika rangi. Akageuka, akatoa ishara, na Kamati ya Kulinda Utupu ikateremka ngazi kwa pamoja, wengine na vikombe mkononi, kwenda kuuliza kwa nini haikualikwa. Wapagazi wakaingia kazini kabla vumbi la miguu yao halijatua.

Vyumba vya Tausi vikaanza kuchomoka kimoja kimoja, vyepesi, na ndani yake watu wakisuka, wakikoroga, wakilaza watoto, kila familia ikiwa peke yake duniani. Bi Shinuna na Zuena walisimama uwanjani na Arafa kusubiri zamu ya chumba chao. Chumba chao kilikuwa nyuma kabisa, na mbele yake kilikuwa kimoja tu, cha Mzee Vuai, yule wa maharage. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni, mzee mrefu wa kanzu iliyofifia, hamtazami mtu.

Wapagazi wakakishika chumba cha Mzee Vuai, wakavuta. Hakikutoka.

Wakavuta tena. Jumba zima likaguna, chumba kikabaki pale pale.

Bwana Ngwali akaja na kofia yake. Akaamuru amri ya kuhama isomwe upya, kwa sauti zaidi. Ikasomwa. Akaamuru wapagazi waende nyumbani kwao, kisha warudi, waanze kama ndiyo kwanza wamefika. Wakaenda, wakarudi. Akauliza kama jana chumba kilikuwa kinatoka. Hakuna aliyewahi kukijaribu. Akauliza nani alikuwa wa mwisho kukigusa, na watu wote wakamtazama Arafa, kwa kuwa alikuwa mgeni.

"Mzee Vuai," alisema Bwana Ngwali mwishoni, "una kitu chochote chumbani kilichoshikana na jumba?"

"Sina," alisema Mzee Vuai.

"Umesikia. Hana. Basi tatizo ni la upepo."

Juu ya mnara mpiga mbiu alikuwa akiwajuza raia, maana raia wana haki ya kujua: "Jumba la Tausi linakaribia kuwa tupu. Vyumba viwili vimekwama. Kimojawapo kina vyombo vya harusi. Endeleeni na shughuli zenu."

Kilimani, wezi walinyanyuka vitini. Waliteremka bila haraka, ngazi mabegani, mmoja kafungua mwavuli.

"Tutoe sanduku kwa mkono," alisema Arafa.

"Ukionekana nje na sanduku, hata liwe lako, wewe ndiye mwizi," alisema Bi Shinuna. Uso wake ulikuwa umekauka. "Ndiyo sheria." Kisha akamshika Arafa kiwiko, akamnong'oneza. "Hasemi kweli. Ana kinu."

"Nani?"

"Huyo. Siku familia inapoingia jumbani, kinu hupigiliwa sakafuni mpaka kwenye boriti, ili unga wa kwanza utwangwe kwa nguvu za jumba. Siku ya pili yake kinatolewa, na kikishatolewa hakijawahi kuwepo. Chake hakikutolewa. Kila siku baada ya adhuhuri nasikia mchi. Hana anachotwanga. Kinu kitupu, du, du, du, kisha ananyamaza."

"Basi sema."

"Nikisema nimesikia?"

Arafa akaelewa. Akatazama watu waliojaa uwanjani, na Bwana Ngwali, ambaye ndiye mwenye kutoa na kunyima harusi ya upweke. "Niseme mimi?"

"Wewe umefika juzi. Watasema umezua, na wao watapata wa kumlaumu." Bi Shinuna alimgeukia bintiye. Zuena alikuwa na hina mbichi mikononi, kaining'iniza hewani isiguse kitu.

"Mama," alisema Zuena, "mimi ule mchi umenilea. Nilikuwa nikilala kwa huo."

Bi Shinuna akavuta pumzi. Akajifunga kanga ya kiunoni upya, akatembea katikati ya uwanja mpaka mbele ya mlango, na mbele ya watu wote akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana Ubebani: alimtazama jirani yake usoni.

"Mzee Vuai. Kuna kinu humo ndani. Nakisikia kila siku."

Watu wote waliokuwa uwanjani waliugeukia ukuta wa karibu. Palikuwa na ukuta mmoja tu, wakabanana. Bwana Ngwali alivua kofia, akaivaa tena.

Mzee Vuai alimjibu Bi Shinuna, si ukuta.

"Mke wangu Chiku ndiye aliyetwanga humo, siku tuliyohamia. Akatwanga, akachoka, akasema tukiache, tutakitoa kesho. Usiku ule akashikwa na homa." Alipapasa goti lake. "Nikaona nisipokitoa, ile kesho haijafika. Bado ni leo, yuko ndani, kapumzika kidogo."

Wezi walikuwa wamefika kwenye pipa la maji. Mkubwa wao alisimama, akawaashiria wenzake wangoje, kwa kuwa hata wezi wa Ubebani wana malezi.

"Siku usipotwanga, mimi silali mchana," alisema Bi Shinuna. "Mwaka ule ulipougua nilihesabu siku, nikawa nagonga ukuta kwa mwiko kujua kama u hai. Ukanigombeza kwa mgeni wa watu kwamba nina panya."

"Nilijua si panya," alisema Mzee Vuai.

"Basi njoo tukitoe. Kesho yako imeshatupita sote, mzee wangu. Umebaki wewe tu kuipokea."

Wakaingia pamoja. Arafa aliwafuata, maana kubaki nje wakati kama huo kungemuua. Kinu kilikuwa katikati ya chumba, kimeng'arishwa kwa mikono, mizizi yake imeshuka sakafuni. Mzee alikikumbatia upande mmoja, Bi Shinuna upande wa pili, Arafa akaweka bega lake la mpishi chini. Kilitoka kwa mlio mdogo, kama jino la mtoto. Chumba kikateleza chenyewe hata kabla wapagazi hawajakishika, na cha Bi Shinuna kikafuata nyuma yake na masanduku yote.

Moto wa Tausi ukazimwa. Mtunza moto alimwaga maji mwenyewe, hakutaka mwingine amwage, na watu walisimama wakisikiliza mvuke mpaka ukaisha. Boriti zikapoa. Viraka vikabandikwa kwa zamu, vya ukungu kwanza, kila kimoja kikikamata juu ya mwenziwe, mpaka cha mwisho kikalala juu ya tundu na tundu halikuonekana tena. Kisha moto ukawashwa. Uliwaka kama moto wowote. Mtunza moto aliutazama kwa mashaka, akaupikia chai, akainywa, akasema si mbaya.

Mkubwa wa wezi aligonga boriti kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti.

"Kimekamata," alisema kwa masikitiko. Akamgeukia Bwana Ngwali. "Na tundu jingine liko wapi?"

"Subirini mbiu," alisema Bwana Ngwali. "Hatutoi habari kwa mtu mmoja mmoja."

Wakashukuru, wakapanda kilima chao.

Familia zingerudishwa Tausi jioni ileile, lakini ilipoangaliwa ilikutwa Kamati ya Kulinda Utupu imeshaingia. Jumba lilikuwa tupu kwa muda wa kutosha, alieleza Bi Raya dirishani, na jukumu ni jukumu. Ikabidi watu wa Tausi walale Akiba, na harusi ya Zuena ifanyike huko huko.

Bwana Ngwali alikuja kutoa taarifa. Alisimama mlangoni kwa Bi Shinuna, kachomekea shati, na hakufurahia kazi yake.

"Kwa kuwa umekiri kusikia, harusi ya upweke imefutwa. Itakuwa harusi ya kawaida."

"Ya kawaida inakuwaje?" aliuliza Bi Shinuna.

Bwana Ngwali alifikiri. "Sijui. Haijawahi kufanywa."

Alipoondoka, Bi Shinuna alikaa juu ya sanduku la bintiye na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Arafa alikwenda jikoni. Alikuwa na sufuria la kulisha mtaa, pilau limeshapaliwa makaa juu, na alifanya alilolijua: akafunua. Mvuke wa bizari na nyama ukatoka mlangoni, ukageuka kona, ukaenda ujia mzima.

Milango ikaanza kufunguka. Watu walitoka, wakasimama, wakaugeukia ukuta kila mmoja kwa desturi yake, lakini pua zao zilikuwa hazijageuka. Hakuna aliyejua kinachofuata. Ubebani hakuna hodi, kwa maana hakuna wa kupigiwa. Mbele kabisa alikuwa Mzee Vuai, amekumbatia kinu chake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenziwe, hajui pa kukiweka.

Bi Shinuna alimwona. Alinyanyuka kwenye sanduku, akasogeza mikeka kwa mguu, akatandika mmoja hadi kizingitini ambako mikeka haikuwahi kufika.

"Kinu kiweke hapo pembeni, hakuna atakayekigusa," alisema. "Na hao walio nyuma yako waambie ukuta hauna cha kuliwa leo. Ingia, mzee wangu, nawa mikono, tule."